Sentensi Zangu Ndani ya Mtihani

Wiki iliyopita mliniacha juu ya mabega ya wanafunzi wangu, nje ya geti la ukumbi wa mtihani, kiatu kimoja kimenitoka na ninacheka kama bwana harusi.

Kwa anayeanza kunisoma leo: mimi ni mwalimu wa kuwaandaa watu kwa mtihani wa kujiunga na vyuo. Darasa langu ni chumba juu ya duka la magodoro. Nafundisha sehemu moja tu, ile inayowaangusha wengi, kusahihisha sentensi. Wananiita Mwalimu Koma, kwa sababu nikiongea napumzika mahali ambapo wenzangu hawapumziki.

Siku ile walinibeba wakipiga kelele kwamba maswali yangu ndiyo yaliyotoka.

Mimi nikadhani ni maneno ya furaha tu. Kila mwaka wanafunzi wakitoka mtihani husema hivyo, mpaka matokeo yatoke.

Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, begi kalikumbatia kifuani. Naye alikuwa ametoka kuufanya mtihani huohuo. Anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, anapiga pasi sare za wakunga, na ndoto yake ni kuivaa sare moja mwenyewe badala ya kuinyoosha. Hesabu anapita, sayansi anapita, sentensi zinamwangusha. Safari hii nilimfundisha mwenyewe nyumbani, yeye na pasi yake, mimi na kalamu yangu.

Hakuwa anacheka.

"Shuka," akaniambia.

Nikashuka.

"Swali la mashangazi limetoka."

"Mashangazi gani?"

"Shangazi zangu. Na ufunguo. Neno kwa neno. Na mjomba wako na yule kuku wake. Na mlango wa bafu letu."

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Niwaeleze kidogo ili tuwe pamoja. Kwenye mtihani ule unapewa sentensi, sehemu yake imepigiwa mstari, na chini kuna majibu ya kuchagua. Jibu la kwanza siku zote linairudia sentensi ilivyo. Mengine yanaibadilisha. Wewe utafute lililo sawa.

Sasa sentensi za vitabuni zinachosha. Mtu anasinzia kabla hajaliona kosa. Kwa hiyo mimi nilikuwa natunga zangu, na nilizitunga kutokana na maisha yangu nyumbani. Kama hii:

Kila mmoja wa shangazi za mke wangu, hata yule asiyeweza kupanda ngazi, wana ufunguo wa chumba chetu.

Darasani nawaambia, mtafuteni kwanza mwenye sentensi. Wapita njia wote waliokaa katikati wafukuzeni. Yule asiyeweza kupanda ngazi ni mpita njia, atoke. Mashangazi nao wapo wengi lakini hawana mamlaka, mwenye mamlaka ni "kila mmoja". Kila mmoja ni mtu mmoja. Basi si "wana ufunguo", ni "ana ufunguo".

Darasa lilicheka sana siku ile, na hakuna aliyelisahau somo.

Lakini sentensi ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kwetu. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuitunga.

"Uliyatoa wapi maswali ya mtihani?" mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Niliyatunga! Wewe mwenyewe uliniona nikiyatunga."

"Nilikuona. Ndiyo maana nakuuliza. Yaliingiaje mle ndani?"

Tukatazamana.

Nyumbani kwetu kuna mtu mmoja tu anayefanya kazi ofisi ya mitihani. Hakuna kati yetu aliyelitamka jina lake.

*

Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, na ndiye mwenye nyumba tunayoishi.

Wazazi wao walifariki mke wangu akiwa mdogo bado ananyonya kidole. Shemeji alikuwa kijana, ana mchumba, ana mipango. Mchumba akasema mimi na mtoto wa watu hapana. Shemeji akamchagua mtoto. Alijifunza kusuka nywele kwa kuwatazama majirani barazani, na mpaka leo mke wangu anasema hakuna aliyewahi kumsuka vizuri kama kaka yake.

Ndiye aliyenifundisha sarufi sekondari, kabla sijajua kwamba ana dada. Kila ninachokijua kuhusu sentensi kilitoka kwake.

Baadaye akaacha kufundisha, akahamia ofisi ya mitihani. Alituambia anasimamia stoo ya karatasi. Tukaamini. Kwa nini tusiamini?

Na kila nilipotunga sentensi mpya nilimpelekea aniangalizie. Ilikuwa starehe yetu. Anasoma, anacheka, ananipiga begani. "Shemeji, hii kali. Niachie nikaifikirie."

Namwachia. Nilijiona mtu.

*

Kesho yake nilipofika, kutoka chini ya ngazi nikaona kufuli jipya kwenye mlango wa darasa.

Muuza magodoro akanidaka kwenye ngazi. "Mwalimu, usipande. Na ukitoka, pita nyuma."

"Kuna nini?"

"Wazazi."

Nikachungulia dukani. Walikuwa wamekaa juu ya magodoro yake, hata nailoni haijatolewa, wote kimya. Nikashindwa kupita nyuma. Nikaingia.

Mama mmoja muuza mboga, ambaye binti yake alikuwa hodari kuliko wote darasani kwangu, akainuka.

"Wamesema matokeo ya darasa lako yamezuiwa. Wote. Wamesema watoto wetu waliiba mtihani."

"Hawakuiba, mama."

"Najua hawakuiba! Binti yangu amesoma mpaka macho yamevimba. Mimi sikuja kukuuliza yeye. Nimekuja kukuuliza wewe."

"Mimi sijaiba chochote."

"Basi nani kaiba?"

Macho yangu yakaangukia nailoni ya godoro.

"Unamjua," akasema. Wala hakupandisha sauti. "Unamjua na unamficha. Basi ujue unayemficha umemficha nyuma ya mtoto wangu."

Afadhali angenizaba kibao.

Palepale wanaume wawili wenye mashati meupe wakasimama mlangoni wakaniomba niongozane nao. Waliniomba kwa adabu sana. Adabu ile ndiyo iliyonitisha.

*

Mkaguzi wa ofisi ya mitihani alikuwa mama wa makamo mwenye mafua makali. Leso haikutoka mkononi. Chumba chake hakikuwa na dirisha, kilikuwa na kabati, meza, viti, na feni iliyokuwa inapuliza upande wa ukuta.

"Kaa, mwalimu. Nisamehe, naumwa." Akapenga. "Nisomee hii."

Akanisogezea karatasi ya mtihani. Kidole chake kilikuwa kwenye sentensi ya mjomba.

Akiwa anakoroma kwenye kochi, kuku alimdonoa mjomba kidole cha mguu.

"Kosa liko wapi?"

"Hapo anayekoroma ni kuku, mama."

Midomo yake ikataka kucheka, akaizuia kwa leso. "Fafanua."

"Maneno ya mwanzo hayana mwenyewe, yanamsubiri mtu wa kwanza atakayetokea mbele yao. Anayetokea ni kuku. Kwa hiyo mjomba lazima atangulie. Mjomba alipokuwa akikoroma kwenye kochi, kuku alimdonoa kidole cha mguu."

"Vizuri sana. Na darasani ulilifundisha swali hili?"

"Ndiyo."

"Kabla ya mtihani?"

"Kabla. Mimi ndiye niliyelitunga. Huyo mjomba ni ndugu wa mama yangu. Kovu analo mpaka leo."

Akaiweka leso mezani.

"Mwalimu, nakusikiliza kwa makini. Kama unasema uongo, kuna mtu wa humu ndani alikupa maswali yetu. Nataka jina lake. Kama unasema kweli, kuna mtu wa humu ndani alichukua maswali yako akayaingiza kwenye mtihani wa taifa zima kana kwamba ni yake. Nataka jina lake vilevile."

Nilizitafuta njia zote za kutokea pale. Ukisema kweli, unafika kwa shemeji. Ukisema uongo, unafika kwa shemeji.

"Naweza kufikiri, mama?"

"Fikiri. Kesho mchana urudi na jibu. Usiporudi na jibu, nitakukabidhi polisi wewe, na mtihani wa darasa lako utafutwa. Pamoja na wa mkeo. Nimeliona jina lake."

"Mke wangu hana kosa."

"Ndiyo maana nakupa mpaka kesho," akasema, akapiga chafya.

*

Nyumbani nilipokelewa na Shangazi Mkubwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, wenzake wamemzunguka kama walinzi.

"Kumbe mimi siwezi kupanda ngazi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, lakini nimeuliza. Mjukuu wa jirani kafanya mtihani. Katoka, kaja moja kwa moja mpaka kwangu, kaniuliza, bibi, ni wewe? Yaani nchi nzima inajua nina ufunguo wa chumba chenu na miguu mibovu!"

"Ilikuwa mfano tu, shangazi."

"Mfano! Huo ufunguo nilipewa kwa ajili ya dharura!"

"Ndiyo, shangazi."

"Na juzi niliingia kwa sababu nilisikia harufu."

"Ndiyo, shangazi."

"Ilikuwa dharura!"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilimpita kama kipofu, nikaingia sebuleni.

Shemeji alikuwa anang'arisha viatu vyake karibu na dirisha, jua la jioni likimpiga mgongoni. Mke wangu alikuwa kwenye meza ya kulia, anakunja nguo, hanitazami. Nikajua alikuwa amekaa pale akinisubiri nianze mimi.

"Shemeji," nikasema. "Wameniita ofisini kwenu."

"Nimesikia." Akaweka brashi chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa huzuni, si wa hofu. "Na mimi nilitaka tuongee, ila nilisubiri uje mwenyewe. Sasa niambie ukweli, mimi ni ndugu yako. Ulizipataje sentensi zangu?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sentensi zako?"

"Mimi si mtu wa stoo, shemeji. Ni mtunzi. Tunakula kiapo, haturuhusiwi kusema, lakini sasa imeshamwagika. Sehemu ile ya sentensi naitunga mimi. Nimeitunga miaka yote. Sasa nasikia wanafunzi wako wote walikuwa nazo. Ulifungua begi langu?"

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuletea!"

"Uliniletea nini?"

"Ya mashangazi! Ya mjomba!"

"Ya mjomba nakumbuka siku niliyoitunga," akasema, na uso wake ukaangaza kabisa. "Kuku mwekundu. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Mjomba akaruka, akaangusha redio. Nilicheka mpaka tumbo likaniuma."

Nikavuta kiti nikakaa.

Kuku kweli alikuwa mwekundu. Na redio kweli ilianguka. Nilimsimulia mwenyewe, palepale sebuleni. Lakini shemeji hajawahi kukanyaga kwa mjomba wangu. Hata hawajuani kwa sura.

Nilimkazia macho nikitafuta mahali uongo ulipo. Uongo haukuwepo. Mtu anayesema uongo anakutazama aone kama umeamini. Yeye alikuwa anamtazama kuku.

Nikachukua kalamu. Pembeni ya gazeti nikaandika sentensi ya kitoto kabisa, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuikamata nikiwa na kaptula ya shule.

Mlango ambao uliovunjika umetengenezwa.

Mnaiona? Ukisema "ambao", usirudie "-o-" kwenye kitenzi. Mlango ambao ulivunjika, au mlango uliovunjika. Chagua moja. Shemeji alikuwa akituchapa kwa kosa hili.

"Hebu niangalizie hii," nikamwambia.

Akaivuta miwani. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Kidole chake kikapita chini ya kila neno, kikarudi mwanzo, kikapita tena.

"Iko sawa," akasema. "Haina kosa."

Halafu akaichukua brashi akaanza kukipaka rangi kiatu alichokwisha kukimaliza.

*

Mke wangu alinifuata uani. Alikuwa na shuka moja mikononi, bado haijakunjwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua zile kubwa."

"Na hukuniambia?"

"Nilimkuta kituoni siku moja. Amekaa. Mabasi yanapita. Nikamuuliza, kaka, huendi kazini? Akaniambia, mdogo wangu Kitinda, limenitoka jina la mahali ninapokwenda." Akaikung'uta shuka. "Tangu siku hiyo namsindikiza. Namwambia njia yetu ni moja. Njia yetu si moja, wewe unajua hospitali iko upande gani."

"Kwa hiyo anachukua zangu kwa sababu..."

"Hachukui! Usiseme anachukua. Anaamini ni zake. Za kwake zimemwisha, mume wangu. Amekaa mbele ya karatasi tupu, akasoma za kwako, zikamwingia kichwani, akaamka asubuhi akazikuta zipo. Akashukuru Mungu kwamba zimerudi."

Nikaegemea ukuta.

"Kesho mchana nataka kumtaja," nikasema. "Nikieleza kwamba anaumwa, watamwelewa."

"Watamwelewa wapi? Watamwita mbele ya watu wamuulize maswali. Watamtoa kosa baada ya kosa kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Yule mtu anajivunia kitu kimoja tu maishani."

"Anakuvunia na wewe."

Nilitaka kumfariji, ulimi ukateleza, nikasema "anakuvunia" badala ya "anajivunia". Mwalimu mzima. Hakuna aliyecheka.

"Na nikinyamaza?" nikauliza. "Naenda polisi. Yule binti wa muuza mboga anakosa chuo. Wewe unakosa chuo."

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Akaikunja ile shuka pembe kwa pembe, taratibu, kama wanavyozikunja za hospitali.

"Sijui," akasema. "Niache nifikiri."

Ningejua anafikiri nini, nisingemwacha.

*

Mchana uliofuata nilipoingia kwenye kile chumba nilikuta kiti cha pili kina mtu.

Shemeji. Koti lake la sherehe, shati jeupe, tai. Kifungo kimoja cha koti kilikuwa kimeingia tundu lisilo lake, upande mmoja umepanda juu.

"Nimemwomba mtunzi wetu aje atusaidie," mkaguzi akasema. Mafua yalikuwa yamemzidi. "Yeye ndiye anayezijua sentensi hizi kuliko mtu yeyote. Nimeambiwa pia kwamba ninyi ni ndugu. Hilo hamkuniambia."

"Ni mume wa mdogo wangu," shemeji akasema. "Nimemfundisha mimi. Ni kijana mzuri. Naomba msimfunge. Alijaribiwa akakosea, na kosa ni langu pia, nilizibeba kazi za ofisi mpaka nyumbani."

Aliyasema haya akiwa ameniwekea mkono begani. Ulikuwa wa joto, na ulikuwa unanitetea. Nikatamani nife.

"Mwalimu," mkaguzi akanigeukia. "Jana uliniambia sentensi ni zako. Mzee huyu anasema ni zake. Mmoja wenu anaujua ukweli. Mimi si mtaalamu wa lugha, lakini naamini mtunzi wa kweli hashindwi na swali. Basi muulize. Swali lolote unalotaka. Sentensi yoyote."

Shemeji akajiweka sawa kitini. Akatabasamu. "Uliza, shemeji. Usiogope."

Nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mlango ambao uliovunjika. Maneno machache tu, na mimi natoka, wanafunzi wangu wanapata matokeo yao, mke wangu anavaa sare.

Maneno machache tu, na yule mzee anavuliwa nguo mbele ya bosi wake, tai shingoni.

"Mwalimu?"

Nikakitazama kile kifungo kilichoingia tundu lisilo lake.

"Sina swali," nikasema.

"Huna?"

"Sina."

Mkaguzi akatikisa kichwa, akaichukua kalamu. "Basi nitaandika kwamba umeshindwa kuthibitisha..."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Alikuwa mke wangu. Alikuwa bado kwenye aproni ya kazini, mikono imevimba kwa mvuke, pumzi juu juu. Nyuma yake mmoja wa wale wenye mashati meupe alikuwa anasema, mama, huruhusiwi, mama.

"Andika jina langu," akamwambia mkaguzi.

"Wewe ni nani?"

"Ni mtahiniwa. Matokeo yangu mmeyazuia. Mimi ndiye niliyezichukua sentensi. Zilikuwa kwenye begi la kaka. Nikazichanganya na za mume wangu, akadhani ni zake, akawafundisha wanafunzi. Yeye hajui kitu, na wanafunzi hawajui kitu. Nilitaka kufaulu."

Nikaruka kutoka kitini. "Unasema nini wewe!"

"Kaa," akaniambia bila kunitazama.

Nilizipima zile sentensi zake, kwa mazoea tu, kama daktari anavyompima maiti. Wenyewe wako mahali pao, vitenzi vinawafuata, hakuna mpita njia, hakuna neno la ziada. Yeye aliyeangushwa na sentensi mtihani baada ya mtihani, leo hakukosea hata silabi. Na hakukuwa na ukweli hata kidogo ndani yake.

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika. "Unajua adhabu yake? Hutafanya mtihani huu tena maishani. Hakuna chuo kitakachokupokea."

"Najua."

"Mwalimu, mkeo anasema kweli?"

Macho yote yakawa kwangu. Nikisema ndiyo, nimemzika yeye. Nikisema hapana, itabidi niseme kwa nini hapana, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa kando yangu na koti lililopanda upande mmoja.

Nikageukia kiti cha pili.

Shemeji alisimama. Akaishika tai yake, akainama kidogo kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni njia. Akakivuta kiti chake akamsogezea mke wangu, mtoto aliyemlea mwenyewe, aliyemsuka nywele mpaka akawa mtu mzima.

"Karibu ukae, binti, naona umekimbia," akamwambia kwa upole. "Samahani, sikukufahamu. Wewe ni wa nani?"

Kalamu ya mkaguzi ikasimama katikati ya neno.

Mke wangu hakukaa. Midomo yake ilikuwa inatafuta neno moja tu, kaka, na halikutoka.

Mkaguzi akamtazama shemeji. Akamtazama mke wangu. Akanitazama mimi, na nikaona kwamba mwanamke yule aliyesema si mtaalamu wa lugha ameshasoma kila kitu, kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Akainuka, akaenda mlangoni, akamwambia yule mwenye shati jeupe abaki nje, akaufunga.

"Hapa hatoki mtu," akasema. Akairarua ile karatasi aliyokuwa anaandika, akaweka mpya mezani, mbele yangu. "Mwalimu, anza upya. Na safari hii anza na mzee."